Tunamsimamisha Muuguzi, Tunamsahau Mgonjwa

Picha hii umekwisha kuiona mara nyingi kiasi kwamba pengine huishangai tena. Mjamzito amefariki katika kituo cha afya, au mgonjwa amepewa dawa isiyo yake, au mtoto amezaliwa amechoka baada ya uchungu wa siku mbili usiosimamiwa na mtu. Habari inasambaa kwenye simu kabla jua halijazama. Kesho yake kiongozi anafika na msafara, kamera zinawashwa, mganga mfawidhi anasimama ameinamisha kichwa, na mbele ya wananchi wanaopiga makofi muuguzi mmoja au wawili wanasimamishwa kazi. Kamati ya uchunguzi inaundwa. Msafara unaondoka. Baada ya wiki mbili taifa limehamia kwenye habari nyingine. Aliyeumizwa amebaki na ulemavu wake, na ndugu zake wamebaki na madeni.

Hoja yangu ni kwamba tumejenga, kwa kiasi fulani, utaratibu wa kumwadhibu mtumishi wa afya aliyekosea, lakini hatujajenga utaratibu wa kumlipa mgonjwa aliyeumizwa. Mambo haya mawili tumeyafanya kuwa jambo moja, na kwa kufanya hivyo tumemnyima mgonjwa haki yake na kumfundisha daktari kuficha kosa.

Mimi si mwanasheria wala tabibu. Nafundisha sera za umma, na suala hili nalitazama kwa jicho hilo: nani anabeba hasara pale huduma ya umma inapomdhuru raia, na je, tulikaa mahali tukakubaliana kwamba aibebe yeye?

Tuanze na tukio ambalo wasomaji wa rika langu hawajalisahau. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishwa. Aliyekwenda kutibiwa goti alipasuliwa kichwa. Mwenye uvimbe kwenye ubongo alipasuliwa goti. Mwenye uvimbe alifariki baadaye. Nchi nzima ilitikisika, madaktari wakachukuliwa hatua, magazeti yakaandika kwa wiki kadhaa. Miaka zaidi ya 10 baadaye, mwanzoni mwa 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi ilifanya jambo linalofanana nalo kama pacha: mgonjwa ambaye hakuhitaji upasuaji alifunguliwa fuvu badala ya mwenzake mwenye damu iliyoganda kichwani. Huko nako mkurugenzi alipelekwa likizo ya lazima na watumishi wakasimamishwa.

Ukiyasoma matukio haya mawili pamoja utaona kwamba tatizo halikuwa upungufu wa elimu. Wapasuaji walijua kupasua. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuhakikisha kwamba mtu aliye juu ya meza ndiye mtu anayetajwa kwenye faili. Dawa ya kasoro hiyo ilikwisha kujaribiwa hapa hapa kwetu. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kupima orodha yake ya usalama wa upasuaji, yale maswali mafupi yanayoulizwa kwa sauti kabla kisu hakijagusa ngozi, lilichagua hospitali katika miji 8 ya dunia, na Ifakara ilikuwa mmojawapo, pamoja na London, Toronto na Manila. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo baada ya upasuaji katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Miongoni mwa maswali ya kwanza katika orodha hiyo ni jina la mgonjwa, na sehemu ya mwili inayofanyiwa upasuaji. Kuuliza hakugharimu shilingi.

Nimeyataja hayo ili nieleweke: simchukulii daktari kuwa adui. Sehemu kubwa ya madhara yanayowapata wagonjwa hutokana na mpangilio mbovu wa kazi, zamu ndefu, wodi yenye muuguzi mmoja usiku kucha, damu iliyokosekana, gari la wagonjwa lililokuwa bovu. Ndiyo maana kumsimamisha muuguzi hakumalizi jambo. Lakini pia ndiyo maana mgonjwa anapata taabu kudai, kwa sababu sheria inamtaka amwonyeshe mkosaji, na mara nyingi mkosaji mmoja hayupo.

Tuipitie njia yenyewe, kama angeipita mkazi wa Ngaramtoni au Usa River ambaye mkewe ametoka chumba cha upasuaji na kitambaa kimesahaulika tumboni. Mlango wa kwanza ni baraza la kitaaluma. Kwa madaktari lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017. Kwa wauguzi na wakunga lipo baraza lao, chini ya sheria ya mwaka 2010. Mabaraza haya yanaweza kumwonya mtaalamu, kumsimamisha au kumfuta katika daftari la usajili. Ni kazi muhimu. Ila mlalamikaji anayeshinda huko huondoka na barua inayosema kwamba ameshinda. Gharama ya upasuaji wa pili, miezi aliyokaa bila kulima wala kuuza, nauli za kwenda KCMC Moshi na kurudi, hakuna anayemrudishia.

Mlango wa pili ni polisi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu inalitambua kosa la kumtibu mtu kwa uzembe. Nako mwisho wake ni kifungo au faini ya mtu mwingine.

Mlango wa tatu ni kesi ya madai mahakamani, na huu ndio pekee ambao upande wake wa pili una fidia hasa. Hapa ndipo mtu wa kawaida anapochoka. Ana miaka 3 tangu alipodhurika, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Mashauri. Ikiwa hospitali ni ya Serikali, lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, nakala yake imfikie Mwanasheria Mkuu, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu na si ya wilaya. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, hata anapoishtaki halmashauri, Mwanasheria Mkuu ni lazima aunganishwe. Akisahaulika, kesi inaharibika. Ushahidi ni juu yake anayedai. Na iwapo atashinda, sheria hiyo hiyo ya mashauri dhidi ya Serikali inakataza kukamata mali ya Serikali ili kulipa deni, hivyo atasubiri hundi kama tunavyosubiri wote.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote hakimo katika sheria hizo. Ni kumpata daktari atakayesimama kizimbani aseme kwamba daktari mwenzake alikosea. Kanuni iliyoenea katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, yetu ikiwemo, ilitolewa mwaka 1957 katika kesi ya Bolam huko Uingereza: tabibu si mzembe ikiwa alitenda kwa namna ambayo kundi la wataalamu wenye weledi wa fani yake wangeikubali. Kwa maneno mengine, anayepima kama daktari amekosea ni daktari. Uingereza yenyewe imekwisha kuilegeza kanuni hiyo, hasa katika hukumu ya mwaka 2015 ya kesi ya Montgomery, iliyosema kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa hatari ambazo yeye mwenyewe angeziona muhimu. Lakini tuje nyumbani. Katika mkoa ambao madaktari bingwa wanafahamiana kwa majina, wamesoma pamoja, wanapeana zamu na kusaliana harusini, nani atatoa ushahidi huo kwa ajili ya mkulima wa migomba asiyemjua?

Halafu kuna faili. Mahakama zetu zimeruhusiwa tangu 2021 kuendesha mashauri kwa Kiswahili, jambo ambalo wengi tulilishangilia. Faili la mgonjwa bado limeandikwa kwa Kiingereza cha vifupisho, kwa mwandiko ambao hata mwandishi wake huusoma kwa kubahatisha, na linakaa katika kabati la yule yule anayelalamikiwa. Likipotea, limepotea. Mgonjwa akifariki, ndugu hutaka kumzika mapema nyumbani, kihambani, kwa heshima. Uchunguzi wa maiti huonekana kama kumtesa marehemu mara ya pili. Tunasema kazi ya Mungu haina makosa, tunamwaga udongo, na ushahidi unafukiwa pamoja na mpendwa wetu. Sibezi imani ya mtu. Nasema tu kwamba kauli hiyo imewapumzisha wengi ambao hawakustahili kupumzishwa.

Jambo la ajabu ni kwamba haya yanatokea katika mji wenye mahakama kuliko miji mingi ya Afrika. Hapa Arusha walihukumiwa waliopanga mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hapa ipo Mahakama ya Afrika Mashariki. Hapa ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo Mtanzania binafsi alikuwa na uwezo wa kuiendea moja kwa moja hadi nchi yetu ilipoiondoa ridhaa hiyo kwa tamko la Novemba 2019. Majaji wa bara zima hupita barabara zetu. Mama aliyeharibiwa kizazi anaiona misafara yao kutoka kwenye daladala.

Wala si kwamba watu wa Meru hawajui kudai. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wameru takriban 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, walichangishana fedha, wakashauriana na mwanasheria Earle Seaton, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza kilichowapata. Ardhi haikurudi kwa hotuba hiyo, lakini dunia ilisikia. Tofauti iliyopo ni kwamba ardhi ilichukuliwa kwa wote siku moja, na hivyo wote walikuwa na dai moja. Madhara ya hospitali humpata mtu mmoja mmoja, katika chumba kilichofungwa, akiwa amelala usingizi wa nusukaputi. Hana ukoo wa wadai wenzake.

Namfahamu mama mmoja anayeuza ndizi katika soko la Tengeru, siku za Jumatano na Jumamosi. Mtoto wake wa tatu ana mtindio wa ubongo. Alikaa na uchungu tangu alfajiri ya siku moja hadi usiku wa siku ya pili, katika kituo ambacho sitakitaja, na anachokumbuka zaidi ni kwamba aliita na hakuja mtu. Sijui, na siwezi kujua, kama ulemavu ule ulisababishwa na kuchelewa kule. Si kila mtindio wa ubongo hutokana na uzazi, na wataalamu wanatuonya tusikimbilie hitimisho. Ila na yeye hajui, na hakuna aliyewahi kuketi naye amweleze. Nilipomwuliza kama angetaka kushtaki, alinijibu kwamba hataki mtu afungwe. Mkunga wa usiku ule anamfahamu, ni mtu mwema, alikuwa peke yake. Anachotaka ni kujua nini kilimpata mtoto, na nani atamlea siku mgongo wake yeye utakapokataa kumbeba.

Mtoto huyo sasa ana miaka 8. Wanasheria wananiambia kwamba kwa upande wa mtoto muda wa ukomo husimama hadi atakapotimiza umri wa utu uzima. Ni faraja ya kwenye karatasi. Sheria itamsubiri, lakini faili na mashahidi havitamsubiri.

Sasa nije kwenye kile ninachokiona kuwa kasoro kubwa ya kisera, na ambacho kwa maoni yangu kinaweza kurekebishwa. Tuchukue wodi moja ya hospitali yoyote. Muuguzi anamchoma mgonjwa sindano, mgonjwa anashtuka, sindano inamrudia muuguzi na kumwambukiza ugonjwa. Muuguzi huyo ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mwajiri wake anauchangia nusu asilimia ya mishahara. Muuguzi hatakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Anatakiwa kuthibitisha kwamba aliumia akiwa kazini. Analipiwa matibabu, na akipata ulemavu wa kudumu hulipwa kwa kadiri ya ulemavu huo. Ni jambo jema sana, na lilichelewa.

Mgonjwa aliyelala kwenye kitanda hicho hicho, akichomwa sindano hiyo hiyo mahali pasipostahili hadi mguu ukapooza, hana mfuko wowote. Bima ya afya, kama anayo, italipia matibabu; ulemavu hailipii. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, tukajadili kwa kina nani atachangia na nani atasamehewa. Sikusikia mjadala wa maana kuhusu mchangiaji atakayeumizwa na huduma aliyoilipia. Barabarani tumekwisha kuelewa kanuni hii kwa miongo mingi: hakuna chombo cha moto kinachoruhusiwa kutembea bila bima ya kumlinda mtu wa tatu, hata bodaboda ya Sakina. Hatukusubiri madereva wote wawe waangalifu ndipo tuwakatie bima. Tulikubali kwamba ajali zitatokea.

Wapo waliotutangulia. New Zealand ilianzisha mfuko wa fidia kwa ajali zote mwaka 1974, na tangu 2005 aliyeumia kwa matibabu halazimiki kuonyesha kosa la daktari. Inatosha kwamba jeraha limetokana na matibabu na si matokeo ya kawaida ya ugonjwa wala ya tiba yenyewe. Kwa upande wake mgonjwa anaacha haki ya kumshtaki daktari kwa fidia ya jeraha hilo. Sweden ilianza na bima ya wagonjwa mwaka 1975, na swali lao ni la busara zaidi kwa macho yangu: je, mtaalamu mzoefu angeweza kuliepuka jeraha hili? Likijibiwa ndiyo, mgonjwa analipwa, na jina la aliyekosea halihitajiki katika hundi. Waingereza wamebaki na mahakama, na huduma yao ya afya inatumia zaidi ya pauni bilioni 2 kila mwaka kulipa madai na mawakili. Ukiniuliza tuige wapi, sitawaiga Waingereza, ingawa wao ndio waliotuachia sheria.

Najua pingamizi. Naambiwa kwamba nchi hii haina fedha hata ya glavu, itapata wapi ya fidia? Jibu langu ni kwamba fidia inalipwa tayari. Analipa mama wa Tengeru, kwa mgongo wake na kwa elimu ya binti yake mkubwa aliyeacha shule kumwangalia mdogo wake. Kinachojadiliwa ni kama gharama hiyo tuigawane wengi kwa senti au tumwachie mmoja ifilisi nyumba yake. Sehemu ndogo ya kila malipo yanayotoka bima ya afya kwenda hospitalini, iwe ya Serikali, ya dini au ya mtu binafsi, ikiwekwa pembeni, mfuko utaanza. Si lazima uanze mkubwa. Unaweza kuanza na madhara ya uzazi na ya upasuaji peke yake.

Naambiwa pia kwamba kulipa bila kutafuta mkosaji ni kuwalea wazembe. Hapana. Baraza la Madaktari libaki na rungu lake, na mlevi aliyeingia chumba cha upasuaji afutwe. Ila daktari anayejua kwamba kusema ukweli hakutamfilisi atasema ukweli mapema, na hospitali itajifunza. Anayejua kwamba kamera zinakuja atalichana faili. Hii ni tabia ya binadamu yeyote, ofisi yoyote. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua ninachokisema.

Wanaharakati wenzangu wengine wanapendelea njia ya kesi kubwa za kikatiba, na wanatolea mfano Uganda. Ni mfano wenye uzito. Asasi ya CEHURD ilifungua shauri mwaka 2011 kuhusu akina mama wawili waliofariki wakijifungua katika hospitali za umma. Mwanzoni Mahakama ya Katiba ilikataa kulisikiliza kwa hoja kwamba ni suala la siasa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamuru lisikilizwe. Agosti 2020 uamuzi ukatoka kwamba kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja haki za katiba, na familia zilipwe. Nilifurahi. Lakini hesabu miaka: 9, kwa familia mbili, zikiwa na asasi nzima ya wanasheria nyuma yao. Kesi za namna hiyo zinaisukuma serikali, na tunazihitaji. Haziwezi kuwa ndiyo njia ya kila mgonjwa.

Mfuko huo utahitaji sheria, sheria itahitaji muswada, na sidhani kama mwaka huu wala ujao utakuwapo. Kuna jambo dogo linalowezekana sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa kila mtu haki ya kuzifikia taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi, na taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti. Kwa hiyo faili la kwenye kabati si siri ya hospitali dhidi ya mgonjwa. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wameanza kuwasaidia majirani zao kuandika barua za kuomba nakala: jina kamili, namba ya faili, tarehe za kulazwa na kutoka, maelezo ya upasuaji, chati ya uchungu kwa waliojifungua. Barua huandikwa kwa mganga mfawidhi, kwa Kiswahili, nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki nyumbani. Haihitaji wakili. Na kwa wale walioambiwa kwamba walikwisha kusaini fomu ya ridhaa na hivyo hawana cha kudai: ulichosaini ni kukubali upasuaji. Hukusaini kukubali uzembe, hata kama ulisaini saa nane usiku ukiwa umeshikiwa kalamu.

Mama wa Tengeru aliipeleka barua yake Jumatatu iliyopita. Alipokewa vizuri, akaambiwa arudi baada ya siku 14.